Mkoba wa uzazi umejaa, jina la dawa inayokudhuru liko wapi?

Mimba ikiingia mwezi wa nane, nyumba nyingi za Ukata, kata ya milimani wilayani Mbinga, huanza kukusanya vitu. Khanga safi, mpira wa kutandika, glavu, pamba, wembe mpya, vibana kitovu, beseni, sabuni, nguo za mtoto. Mama mkwe hukagua, wifi huongeza kilichosahaulika, na baba hutenga fedha ya usafiri kwa sababu anaifahamu barabara ya mlimani mvua zikikolea. Kadi ya kliniki huwekwa juu kabisa, isije ikatafutwa usiku kwa tochi ya simu.

Kinachokosekana katika mikoba mingi hakina uzito wala bei. Ni jina la dawa iliyowahi kumdhuru mama huyo: sindano iliyomtoa vipele alipokuwa shule ya msingi, au vidonge vilivyomvimbisha midomo miaka mitano iliyopita. Siku za kawaida pengo hilo halionekani. Huonekana usiku ambao uchungu umegoma, mapigo ya moyo wa mtoto yameanza kushuka, mama amelazwa kwenye meza ya upasuaji, na mtaalamu wa usingizi anauliza swali ambalo halina muda wa kutafutiwa jibu: kuna dawa yoyote inayokudhuru?

Swali lililojaribiwa Ifakara

Swali hilo lina historia, na sehemu ya historia hiyo iko hapa nchini. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali 8 duniani. Saba zilikuwa katika miji ya Toronto, London, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila na Amman. Ya nane ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, mkoani Morogoro, jirani kabisa na Ruvuma. Daktari wa hospitali hiyo, Pascience Kibatala, ni mmoja wa walioandika ripoti ya matokeo iliyochapishwa Januari 2009.

Orodha yenyewe ni karatasi moja yenye vipengele 19. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa ganzi au usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Katika hatua ya kwanza, kabla dawa yoyote ya usingizi haijaingia mwilini, ndipo lilipo swali la mzio. Karatasi hiyo haikuleta mashine mpya wala dawa mpya, lakini katika hospitali hizo 8 vifo baada ya upasuaji wa aina mbalimbali vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Watu walisimama kidogo wakaulizana, basi.

Orodha hiyo ina udhaifu mmoja ambao hospitali haiwezi kuuziba peke yake. Inauliza kama mgonjwa ana mzio unaojulikana. Unajulikana na nani?

"Kumbe hiyo ndiyo mnaita mzio?"

Kwenye fomu neno ni mzio. Mitaani wengi husema aleji, na wapo wasiotumia neno lolote kati ya hayo mawili. Mazungumzo ya wodini huweza kwenda hivi:

"Mama, una mzio wa dawa yoyote?"

"Hapana, nesi."

"Hujawahi kuchomwa sindano ukatoka vipele, ukavimba uso, au ukashindwa kupumua vizuri?"

"Aa, hiyo ndiyo ilinipata! Mimba ya kwanza, ile sindano ya makalio. Nilivimba macho mpaka mama akanirudisha zahanati. Kumbe hiyo ndiyo mnaita mzio?"

Mama wa mfano huu hakudanganya alipojibu hapana. Aliulizwa kwa neno lisilo lake. Huenda sindano ile ilikuwa ya pensilini, ambayo wajawazito hupewa wakikutwa na kaswende kliniki, na dawa za jamii hiyo hiyo hutumika kumkinga mama na maambukizi wakati wa upasuaji. Swali la pili pekee ndilo lililomlinda.

Kuna ugumu mwingine, nao ni wa kifamilia hasa. Binti akiolewa huhamia kwa watu wasiomlea. Siku ya kujifungua anayemsindikiza hospitali ni mama mkwe na wifi, pengine na mume. Wote wanampenda, lakini hakuna aliyekuwepo alipokuwa na miaka mitatu akachomwa PPF kwa homa ya mapafu, akabadilika sura mbele ya mganga. Anayejua ni mama yake mzazi, aliye ng'ambo ya kilima, au shangazi aliyemlea. Simu moja kwa mama mzazi katika mwezi wa saba wa mimba inaweza kuleta habari ambayo haipo kwenye jalada la hospitali yoyote.

Ruvuma ina sababu ya ziada ya kulifikiria jambo hili. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo leo yametapakaa nchini, ulianzia katika mkoa huu mwaka 2003. Maduka hayo yamesogeza dawa karibu na watu wa vijijini, na hilo ni jema. Lakini vidonge vikihesabiwa kwenye bahasha iliyoandikwa "1 x 3" bila jina la dawa, mgonjwa akidhurika hubaki na kumbukumbu ya rangi tu: zile za njano, zile nyekundu na nyeusi. Muuzaji akiombwa aandike jina huandika, na bahasha hiyo inafaa kutunzwa.

Mwili unapokosea adui

Mzio ni kosa la ulinzi wa mwili. Mwili humwona mgeni asiye na ubaya, iwe dawa, karanga au sumu ya nyuki, humhifadhi kwenye kumbukumbu kama adui, na akirudi siku nyingine humshambulia kwa nguvu isiyo na kipimo. Ndiyo maana dawa iliyovumilika mara ya kwanza inaweza kudhuru mara ya pili. Wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walikutana na ajabu hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 walipowajaribia mbwa sumu ya kiumbe wa baharini. Mbwa aliyeistahimili dozi ya kwanza alikufa wiki chache baadaye kwa dozi ndogo, ndani ya nusu saa. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Mzio mwingi huishia kwenye muwasho na vipele. Ule mkali, ambao kwa Kiswahili unaweza kuitwa mshtuko wa mzio, huenda mbali zaidi. Ndani ya dakika chache seli za ulinzi humwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Mishipa ya damu hulegea na kuvujisha maji, presha huporomoka, na njia za hewa hubana. Vitabu vingi vya Ulaya humwambia daktari atafute ngozi iliyogeuka nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi wazi. Cha kutazama ni vipele vilivyoinuka kama vya kuumwa na siafu, kope na midomo iliyovimba, na mgonjwa mwenyewe anayesema anawaka moto.

Ni jambo la nadra, na mjamzito asipande gari ya hospitali akiwa na hofu kuwa ganzi itamuua. Uchunguzi wa Ulaya umeonyesha kuwa mshtuko wa mzio humpata kati ya mama mmoja na wawili katika kila wajawazito 100,000. Ukaguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018 ulikuta tukio 1 kama hilo katika kila wagonjwa 10,000 waliopewa usingizi au ganzi kwa upasuaji wa kila aina, na kwa wazazi idadi ilikuwa ndogo zaidi. Lakini upasuaji wa uzazi unaongezeka. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 6 ya watoto Tanzania walizaliwa kwa upasuaji. Wa 2022 ulionyesha asilimia 11. Hata jambo la nadra, likipewa nafasi nyingi, hutokea mahali fulani, na mahali hapo panaweza kuwa hospitali ya wilaya saa nane usiku.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mama wengi wanaofanyiwa upasuaji wa uzazi siku hizi hupewa ganzi ya mgongoni badala ya nusu kaputi. Sindano nyembamba huingizwa sehemu ya chini ya mgongo, dawa huchanganyika na maji yanayozunguka mishipa ya fahamu, na mwili hufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini. Mama hubaki macho na anaweza kusikia mtoto akilia.

Jambo likiharibika, familia huilaumu ganzi hiyo. Mara nyingi siyo yenye kosa. Dawa ya ganzi ya mgongoni ni nadra sana kuleta mzio wa kweli. Katika ukaguzi ule wa Uingereza, antibayotiki ndizo zilizoongoza, zikiwa karibu nusu ya matukio ambayo chanzo chake kilitambuliwa. Zilifuatwa na dawa za kulegeza misuli, ambazo hutumika katika nusu kaputi wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia, kisha dawa ya kusafishia ngozi iitwayo kloreksidini. Mpira wa asili nao umo katika orodha ya washukiwa: glavu za daktari, au mpira wa mkojo. Mwanamke ambaye mikono humvimba akivaa glavu, au midomo humwasha akipuliza puto, anapaswa kulisema hilo. Na asishangae akiulizwa kuhusu ndizi, parachichi na papai. Protini za matunda hayo zinafanana na za mpira, na baadhi ya wenye mzio wa mpira huwashwa mdomo wakiyala. Huku Umatengo, ambako migomba iko nyuma ya nyumba, mtu anaweza kula tunda linalomwasha kwa miaka mingi akidhani ndivyo tunda lilivyo.

Kazi ngumu ya mtaalamu wa usingizi ni kutambua. Ganzi ya mgongoni yenyewe hushusha presha kwa mama wengi, na hilo hutibiwa kila siku kwa maji ya mshipani na dawa ya kupandisha presha. Ganzi ikipanda juu kupita kiasi, mikono hulegea na sauti hufifia. Mama akivuja damu nyingi, presha hushuka. Sindano ya kukaza mji wa mimba ikisukumwa haraka, presha hushuka pia. Na kuna ajali ya nadra ambapo maji ya uzazi huingia kwenye damu ya mama na kumwangusha ghafla. Washukiwa watano, dalili moja, na saa ukutani inakwenda.

Zaidi ya hapo, ngozi ambayo ingesema ukweli imefunikwa kwa vitambaa vya kijani. Mtaalamu mwangalifu hufunua kitambaa akaangalia kifua na mikono, huweka kipimo kifuani asikie kama pumzi inapiga mluzi, na hujiuliza ni dawa ipi imeingia dakika tano zilizopita. Hapa mama aliye macho ni msaada mkubwa kuliko mashine nyingi. Akisema koo linabana, viganja vinawasha, au anahisi kama anakufa, anapaswa kusikilizwa. Hisia hiyo ya kifo imo katika dalili zinazotambuliwa za mshtuko wa mzio; haipaswi kujibiwa kwa kuambiwa atulie aache woga.

Mshtuko ukishatambuliwa, dawa inayoshukiwa husimamishwa na msaada huitwa kwa sauti. Oksijeni hufunguliwa. Mtoto akiwa bado tumboni, mama huinamishwa kidogo upande wa kushoto au tumbo husukumwa kushoto kwa mkono, kwa sababu mji wa mimba uliojaa hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Maji ya mshipani huingizwa kwa kasi kufidia yaliyovuja. Na dawa inayookoa ni adrenalini.

Hiki ni kichupa kidogo cha kioo, mililita 1 yenye miligramu 1, na si dawa ya gharama kubwa. Kwa mtu mzima, nusu ya kichupa huchomwa kwenye msuli wa paja na hurudiwa baada ya dakika 5 hali isipobadilika. Ndani ya chumba cha upasuaji mtaalamu anaweza kuizimua na kuitoa kidogo kidogo kwenye mshipa huku akitazama moyo. Hubana mishipa iliyolegea, hufungua njia za hewa, na huzuia mwili kuendelea kumwaga kemikali zake. Ile ambayo wengi huiita sindano ya aleji, pamoja na haidrokotisoni, hufuata nyuma. Haziwezi kushika nafasi ya adrenalini, na kuanza nazo ni kupoteza dakika.

Ipo hofu ya zamani kwamba adrenalini itabana mishipa ya mji wa mimba na kumnyima mtoto damu. Hofu hiyo ina msingi wake, lakini hapa imekaa mahali pasipo pake. Mama ambaye presha yake imeanguka hana damu ya kumpelekea mtoto. Kumchelewesha mama kwa kumwonea mtoto huruma ni kuwaacha wote wawili.

Mtoto ana hatari yake ya peke yake. Mama anaweza kurejea, presha ikapanda, akaanza kuzungumza, wakati kondo la nyuma lilikosa damu ya kutosha na mtoto bado anaumia. Kwa hiyo timu huamua haraka, mara nyingi kwa kumtoa mtoto mara tu mama anapodhibitiwa. Moyo wa mama ukisimama, ufufuaji huanza hapo hapo na mtoto huondolewa tumboni ndani ya dakika 5 hivi. Hilo hufanywa kwa ajili ya mama pia, kwani tumbo likiwa tupu damu hurudi kwenye moyo wake kwa urahisi zaidi.

Saa ya kutoa antibayotiki

Zamani hospitali nyingi zilitoa antibayotiki baada ya kitovu kukatwa, ili dawa isimfikie mtoto. WHO sasa inaelekeza itolewe kabla ya kisu, kwa sababu humkinga mama vizuri zaidi na maambukizi ya kidonda na mji wa mimba. Katika suala la mzio, mabadiliko hayo yana sura mbili. Mama akidhurika kabla ya kuzaa, mtoto yumo ndani. Lakini dawa ikitolewa mapema, peke yake, polepole, mbele ya mtu anayemtazama, nusu saa kabla ya ganzi, mzio hujitokeza tumbo likiwa bado zima, na kila mtu anajua dawa yenye kosa ni ipi. Dawa tatu zikiingia ndani ya dakika mbili, hakuna atakayejua.

Katika hospitali nyingi za wilaya anayebeba uamuzi huo si daktari bingwa wa usingizi. Ni muuguzi aliyesomea usingizi, na wengine wamepitia kozi fupi ya miezi 3 kama zile zilizoendeshwa Ifakara ili vituo vya afya vijijini viweze kufanya upasuaji wa dharura. Kazi ya watu hawa ni sehemu ya maelezo ya kwa nini vifo vya uzazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Mtu wa namna hiyo, akiwa peke yake usiku, hupungukiwa mzigo mkubwa akikuta jina la dawa limeandikwa kwenye kadi.

Si kila kinachowasha ni mzio

Upande wa pili nao una madhara. Watanzania waliokuwa wakubwa kabla ya 2001 wanaikumbuka klorokwini. Mtu alimeza vidonge vya malaria akajikuna usiku kucha mpaka alfajiri. Muwasho huo uliwapata Waafrika wengi, na kwa kawaida haukuwa mzio wa kweli. SP ilichukua nafasi yake mwaka 2001, kisha mseto mwishoni mwa 2006, lakini katika koo nyingi bado kuna bibi anayesema, "Sisi ukoo wetu tuna aleji ya sindano." Mjukuu hulibeba neno hilo hadi wodini.

Nchini Marekani karibu mtu 1 kati ya 10 husema ana mzio wa pensilini. Wakipimwa, zaidi ya 9 kati ya 10 ya hao hukutwa hawana. Wengine walipata vipele vya ugonjwa wenyewe, wengine waliharisha tu, na wengine walikuwa nao kweli ukaisha kwa miaka. Vipimo hivyo havipatikani kwenye zahanati, kwa hiyo mama anayesema "nina aleji ya antibayotiki" anaweza kunyimwa dawa bora na kupewa mbadala ambayo kituo huenda hakina.

Mfano mwingine ni salfa. Mama aliyewahi kubabuka ngozi kwa Septrin hapaswi kumeza SP, vile vidonge vya kuzuia malaria vinavyomezwa kliniki mbele ya muuguzi, na lazima aseme. Lakini mzio huo haumzuii kupata ganzi ya mgongoni wala antibayotiki za jamii ya pensilini. Jina kamili humfungia mlango mmoja na kumwachia mingine wazi.

Kwa hiyo maneno "aleji ya dawa" peke yake kwenye kadi hayasaidii sana. Yanayosaidia ni kama haya: "PPF ya sindano, 2016. Baada ya dakika 10 vipele mwili mzima, uso kuvimba, kupumua kwa shida. Alilazwa siku 1." Au haya: "Vidonge vya amoksilini, 2021. Kuharisha siku 2, hakuna vipele." Mtaalamu akisoma la kwanza ataiweka mbali pensilini. Akisoma la pili atajua njia iko wazi. Muuguzi wa kliniki ndiye wa kuombwa aandike, tena kwa wino unaoonekana.

Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu ziko katika fungu hili hili. Mama huzificha kwa kuogopa kugombezwa, na wapo wahudumu ambao kweli hugombeza. Mtaalamu wa usingizi hahitaji kutoa hukumu. Anahitaji kujua mama alikunywa nini na saa ngapi.

Njiani kuelekea hospitali

Kwa watu wa milima ya Mbinga na mwambao wa Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, upasuaji unaweza kumaanisha Mbinga mjini, Litembo, Liuli kando ya ziwa, au kwa tatizo kubwa zaidi Peramiho na Songea. Namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bure, na mratibu hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa kumsafirisha mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura.

Mara nyingi zahanati humwanzishia mama dozi ya kwanza ya antibayotiki kabla hajaondoka. Msindikizaji anafaa kujua ni dawa gani na saa ngapi, hata kama imeandikwa kwenye barua ya rufaa, na amwangalie mama njiani. Vipele, midomo kuvimba, sauti kukwaruza, pumzi kubana au kizunguzungu baada ya sindano ni mambo ya kumwambia mhudumu papo hapo, bila kusubiri kufika. Mama alazwe kwa ubavu wa kushoto na asisimamishwe.

Baada ya hatari kupita

Mama aliyepata mshtuko hutazamwa kwa saa nyingi, mara nyingi siku nzima, kwa sababu kwa watu wachache dalili hurudi baada ya kupotea. Ananyonyesha kama kawaida. Adrenalini iliyomwokoa haimdhuru mtoto kupitia maziwa. Familia huuliza kama mtoto atarithi. Mzio wa dawa fulani haurithiwi moja kwa moja, na mtoto hapaswi kunyimwa pensilini kwa sababu ilimdhuru mama yake. Huuliza pia kama mama anaweza kupasuliwa tena. Anaweza, ilimradi dawa iliyomdhuru inajulikana na inaepukwa.

Kabla ya kuruhusiwa, mama aombe jina la dawa hiyo kwa maandishi, na mume alipige picha kwa simu, kisha alitumie kwa mama mkwe na kwa mama mzazi. Kadi ya kliniki ya mimba inayofuata hutolewa ikiwa mpya, bila neno hata moja la yaliyotokea. Kwenye hudhurio la kwanza mama aende na ile ya zamani.